Ini, Ona, Ati

Mji wenyewe una kidudu hicho tumboni:
Stoke-on-Trent. On.
Nilipofika, Februari, nilikwenda kuutazama mto
nione mji umekaaje juu yake.
Sikuona mji juu ya maji. Niliona kijito chembamba,
kitoroli cha dukani kimelala ubavu, bata wawili,
na mji umesimama kando, nchi kavu,
kama mtoto aliyekataa kuoga.

Bi Glenys, mwalimu wetu wa Jumanne jioni,
aliandika ubaoni vineno vitatu vifupi kuliko kucha.
Sikio langu la Korogwe likavipa majina ya nyumbani.
In ni ini: hukaa ndani, sawa, hicho nikakishika.
On ni ona: kilicho juu huonekana, nacho kikakaa.
At ni ati, na hapo ndipo shaka iliponiingia,
maana ati ni neno la mtu asiye na hakika.

Ndani ya gari ni in. Ndani ya basi ni on.
"Kwani basi tunalipanda paani?" nikauliza.
Akasema, unapoweza kusimama na kutembea, ni on.
Nikasema, hata msikitini nasimama na kutembea.
Akacheka, akatazama saa.
Hospitali, ukiwa mgonjwa, in;
ukipeleka machungwa, at.
Pembe ya chumba ni in, pembe ya barabara ni on,
kana kwamba pembe ikitoka nje hugeuka nguo, ikajipindua.

Mimi nimelelewa na herufi mbili.
Unazibandika nyuma ya jina, safari imekwisha:
mezani, kitandani, mlangoni, moyoni.
Nani aliwahi kuniuliza juu au ndani?
Ufunguo uko mezani; una macho, utafute.
Na tukitaka kubana zaidi, wapo po, ko na mo,
ndugu watatu nisiokumbuka kufundishwa:
yupo, namwona;
yuko, huko huko;
yumo, usifunge mlango.

Halafu Alhamisi ile ya barafu, Burslem,
zamu ya asubuhi kwa Mzee Wilf Colclough,
aliyepanga vikombe tanuruni miaka arobaini.
Mlango wa nyuma wazi, birika halijatiwa maji,
na yeye hayumo.

Nikapiga tisa tisa tisa.
"Yuko wapi hasa?" Sauti ya mwanamke, tulivu kama maji ya mtungi.
Kichwani nilikuwa nalo: ngazini.
Lilipofika ulimini likavunjika vipande.
At ngazi. Hapana, in.
"Juu ya ngazi, au chini yake?"
Nikauona ubao. Nikaiona kalamu ya kijani ya Bi Glenys
ikizungushia kosa langu duara, taratibu,
na mzee wa watu midomo inageuka rangi ya zambarau.

Wilf akafungua jicho moja.
"Mwambie niko on makalio yangu," akasema,
"in baridi hii, at umri huu."

Nikayarudia vilevile, neno kwa neno.
Mwanamke akavuta pumzi, sijui kicheko, akaandika.
"Na wewe, uko pamoja naye?"
Pamoja. Kwao ni with, kineno kingine cha kupotelea.
Kwetu ni na tu,
na mtu akiwa na kitu, basi ni chake, anacho.
Nikavua koti nikamfunika. Nikapiga goti on barafu
(on, nina hakika, goti lenyewe lilinieleza),
nikajibu kwa Kiingereza kilichokuja bila kuitwa,
na maana yake ilikuwa: ninaye.

Walichukua dakika arobaini kufika.
Tulizungumza habari za matanuru.
Katikati aliniuliza kama birika liko on.
Nikamwambia halijawekwa juu ya kitu chochote.
Akanitazama kwa huruma, yeye aliyelala chini,
akasema: "Hapana, mwanangu. On. Linachemka?"

Hiyo haikuwamo ubaoni.
Nitamuuliza Bi Glenys Jumanne.